Mgongo wa Mkono Juu ya Kontwari

Baba Hawa,

Nakusalimu kwa ile salamu tunayowapa watu wa makaburini tukiamini wanaisikia. Mi ni Zuhura, yule binti uliyemkuta sokoni Gitega akifungua pasi mbovu, ukamwambia, "We mtoto, hiyo itakuua kabla hujaolewa. Njoo nikufundishe." Siko Gitega tena. Niko Muyinga, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nyuma ya mkahawa wa Mama Shabani, karatasi iko juu ya goti.

Leo baada ya alasiri tunawasha kontwari, meza ya bati yenye mashine zote za kupikia. Ya kwanza tangu uondoke. Na desturi yako unaijua: fundi ndiye wa kwanza kugusa. Ulikuwa unapima kwa testa, ile bisibisi inayowaka taa ikikuta umeme, unasema Bismillahi, halafu unalaza mgongo wa mkono juu ya bati mbele ya wapishi wote. "Kiganja kikipigwa kinashika, hakiachii. Mgongo unaruka." Sijagusa meza ya chuma tangu siku ile ya Gitega iliyokuchukua. Hata mikahawani chai naipokea nikiwa mlangoni.

Acha nikupe hesabu, maana hesabu inanituliza. Fritezi ya kukaangia chipsi, wati elfu tatu: kwa volti mia mbili ishirini ni ampea karibu kumi na nne. Nimeipa laini yake peke yake na disjonkta yake, swichi inayojikata umeme ukizidi. Ile mashine ya maji ya moto inayotunza wali na maharage, ampea kumi na moja, nayo peke yake. Birika, tisa. Mama Shabani alitaka zote zikae laini moja. Nikamwambia, jumla thelathini na nne, mama, hiyo haitakuwa waya, itakuwa mshumaa. Akacheka: "We fundi, unanijengea kontwari ama unanijengea barrage ya umeme ya mtoni?"

Friji nimeitenga, fritezi ikikata umeme nyama isioze. Prizi za kuchomekea nimeziinua juu ya meza, mbali na sinki, na ya fritezi iko pembeni, siyo nyuma, ili mpishi asipitishe mkono juu ya mafuta yanayochemka anapotaka kuchomoa. Nimeongeza moja ya simu tu, kwa sababu nawajua, watachomoa friji wachaji simu. Ulisema mwenyewe: "Usichore kontwari ya watu wenye akili. Chora ya watu wenye haraka."

Na kile kifaa kinachokata umeme mara tu unapovujia mwilini mwa mtu, kile ulichokiomba Gitega ukaambiwa kesho, kesho, hapa kipo. Nilimwambia Mama Shabani bila hicho nakusanya koleo zangu naondoka.

Kontwari yako ya Gitega ilikuwa sawa, Baba Hawa. Isikie kwangu, maana hapa duniani hakuna aliyeisema. Uliifunga kwenye chuma ya tere, ile uliyoipigilia ardhini ua wa nyuma ili umeme ukitoroka kwenye mashine ushuke udongoni. Uligusa mbele yao, ikawa salama. Miezi ikapita. Ukarudi kuangalia fritezi yao iliyoanza kusumbua. Sakafu ilikuwa imetoka kumwagiwa maji. Ukasalimia wapishi, ukaegemea meza kwa kiganja, kama mtu aliyefika kwake.

Kwa kiganja, kikashika, hakikuachia. Wewe.

Walipokubeba mi nilikimbilia ua wa nyuma. Waya wa kijani na njano uliounganisha meza na chuma ulikuwa umelala kwenye majani, na pale pa chuma palikuwa na shimo. Chuma ilikuwa kwenye makaa. Mchoma brosheti, yule wa mishikaki, aliing'oa apate kitu kirefu cha kukorogea moto. Hakuwa na ubaya, aliona chuma nzuri imesimama haina kazi. Nikamwita patron, mwenye mkahawa, nikamwonyesha. Akanifukuza akisema, "Fundi wenu alikosea, na we usinichafulie jina." Mtaa mzima wa Nyamugari ukaimba hivyo hivyo: fundi alikosea. Waliimba mpaka matangani kwako, wakila wali wa Mama Hawa.

Na kontwari ile bado inapika. Wamebadilisha fritezi, basi. Shimo wamelijaza majivu. Kila mara nikifumba macho naona mpishi, miguu imelowa, anaegemea.

Sasa sikia ya hapa. Jana Bukuru, mchoma brosheti wa Mama Shabani, alisimama juu ya chuma yangu ya tere niliyoipigilia uani akaipima kwa macho. "Dada Zuhura, hii iko nzuri sana, sha! Mukimaliza mutaniachia?" Nilikaa chini kwenye udongo.

Adhana hiyo. Ngoja.

Nimerudi. Nimegusa.

Testa haikuwaka, na bado mkono ulikataa kushuka. Bismillahi niliisema. Nikaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto nikaushusha kama wa mtu mwingine. Bati lilikuwa baridi, basi. Mama Shabani akauliza, "Fundi, unalia nini, kwani tumekukosea?"

Nikamwita Bukuru aguse wa pili. Akarudi nyuma: "Eh! Mi siyo fundi!" Nikamwambia, "Chuma uliyoiomba ndiyo inafanya bati hili lisiume. Siku ukiitaka, mlete kwanza mama yako aegemee hapa." Aligusa, jasho likimtoka. Halafu akatoka, na nilipochungulia uani nilimkuta anapanga matofali kuizunguka chuma, anamfukuza mbuzi aliyekuwa karibu.

Kumbe ungewaonyesha na chuma, siyo meza peke yake. Sikulaumu. Nani alijua?

Bado naogopa. Patron wa Gitega atanifukuza tena, ataniita binti wa fundi aliyekosea mbele ya wateja. Lakini chuma nyingine ninayo, imefungwa kwenye kitenge pamoja na nyundo. Kesho nashika gari ya Gitega. Nakuahidi: sitaondoka ua ule mpaka chuma iwe ardhini, na yule mchoma brosheti awe ameniona nikiipigilia na kujua ni ya nini. Wakiuliza nani ataanza kugusa, ni mi.

Lala salama, Baba Hawa. Kiganja chako kipumzike. Mgongo wa mkono wangu utatangulia.

Binti yako wa kazi,
Zuhura