Mishiri Isiyopanda Ndege

Kithimani,
12 Mei 2025

Kwa dada yangu mpendwa Mukai,

Leo nakuandikia nikiwa nimeapa kukueleza yote, hata yale ambayo mama hataki uyasikie. Ndiyo maana sikuomba simu yake. Habari za Nairobi na za kazi? Sisi tu wazima, ila mguu wa mama unavimba akisimama sana kwenye banda la kupimia maharagwe yetu ya mishiri.

Bei imeshuka tena. Onesmus, yule anayeikusanyia kampuni yenu mishiri ya kwenda Ulaya, anasema mashirika ya ndege yameongeza tozo ya mafuta, kwa hiyo kila kilo inakatwa. Mama Kiema alimuuliza mbele ya wakulima wenzake, "Wewe Onesmus, hiyo ndege yako inazidi kuwa na kiu kila wiki?" Watu walicheka. Mama yetu hakucheka, kwa sababu ni yeye mwenyekiti aliyekishawishi kikundi cha wakulima kiwauzie nyinyi. Aliwaambia, "Mtoto wangu yuko pale ofisini, hatuwezi kuibiwa."

Wewe uko kwenye idara ya malipo. Tozo hiyo ni ya kweli?

Mdogo wako,
Kaluki


Nairobi,
9 Juni 2025

Kaluki mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi niko salama. Pole kwa mguu wa mama. Mwambie apime akiwa ameketi. Nimechelewa kujibu, kazi zimenizidi.

Tozo ni ya kweli. Ndege za mizigo zimepungua, mafuta yamepanda, na shirika la ndege linatoza kila kilo inayopakiwa. Kampuni nayo inamkata mkulima. Wewe soma vitabu vyako, mambo ya kikundi waachie wakubwa. Na barua hii usimwonyeshe mtu.

Dada yako,
Mukai


Kithimani,
11 Juni 2025

Dada Mukai,

Natumaini hujambo. Mama angekusalimu kama angejua ninakuandikia.

Umesema ndege inatoza kila kilo inayopakiwa. Hilo naliamini. Lakini wiki iliyopita Onesmus alikataa nusu ya mishiri yetu kwa kuwa imepinda, tukairudisha nyumbani ikaliwa na mbuzi. Jana malipo yalipokuja, hata hiyo nusu ilikuwa imekatwa tozo ya ndege. Na ya wenzetu vilevile. Mama Kiema akapiga makofi: "Haki mbuzi wangu amelipa nauli ya Ulaya, na hata Thika hajafika!"

Onesmus akakasirika. "Mimi ni wa kukusanya tu. Anayekata ni binti wa mwenyekiti. Muulizeni huyo."

Banda lote lilimgeukia mama. Mama alisema tu, "Mukai wangu hawezi." Tulipofika nyumbani hakula.

Jumamosi wanachama wanakutana kumwondoa mama kwenye kiti. Yeye amesema atasimama aape kwa Mungu, mbele yao wote, kwamba wewe huna mkono katika jambo hili. Unajua mama hajawahi kuapa. Barua yako sijamwonyesha.

Nataka sana kuamini kwamba ulilazimishwa. Ukiniambia hivyo nitamweleza mama, naye atajua la kuwaambia. Barua hii nimempa Linet, jirani yetu anayekuja Nairobi kesho, na Ijumaa anarudi huku. Mpe jibu aje nalo. Niambie ukweli, dada, kabla mama hajaapa: kuikata tozo mishiri isiyopanda ndege, uliagizwa, au ulianza wewe mwenyewe?

Mdogo wako,
Kaluki