Ramani ya Upande Wako

Göteborg, 9 Novemba 2023, mwaka wa ishirini na tano tangu niondoke Kuopio

Mdogo wangu Ensio,

Theluji bado haijaanguka, goti linauma kama kawaida, na ule mchezo wetu wa vita wa Windows nimeufufua kwenye kompyuta yangu ya Linux. Ndio tulioutumia kuamua nani achukue nyumba ya wazazi pale ziwani Kuopio, maana hatukutaka kugombana mbele ya wakili. Mwanzoni ulikwamakwama. Nilipoulazimisha utumie kiini kimoja tu cha kichakataji, ule ubongo wa kompyuta, ukaenda laini.

Saara, binti yangu, alinicheka. "Mzee, bado unamtafutia baba mdogo marudiano?"

"Nataka tu kuona nilikosea wapi."

Nikafungua mafaili yetu ya zamani yaliyohifadhi mchezo ule, nikautazama kwa upande wako, kuanzia raundi ya kwanza. Tulikubaliana kila mmoja aone askari wake tu, lakini kwako ramani yote ilikuwa wazi, Ensio. Askari wangu niliowaficha msituni ulikuwa ukiwaona wote. Nami siku ile nilikupongeza, nikakukabidhi funguo kwa mkono wangu.

Umenialika tuoge mvuke wa sauna pamoja pale ziwani Krismasi hii. Nyumba kaa nayo. Mimi sitarudi.

Kaka yako,
Taisto