Balozi na Mgeni Asiyeandikishwa

Chanika, Jumanne

Mdogo wangu Tatu,

Salaam za mjini zikufikie huko Liwale ulikobaki na simba wako. Mie huku Dar es Salaam kwa kaka nastarehe tu: mihogo hadi mlangoni, umeme unakuja tangu mwaka juzi, na chui keshamaliza mbwa wa jirani. Kaka hataki hata nimtaje. Huu ni mji, anasema, mjini hakuna chui.

Jana alasiri balozi wa nyumba kumi alikuja kuniandikisha, maana mgeni hapa hawezi kukaa bila kuingia kwenye daftari lake. Kanihoji kama mwizi: natoka wapi, nimefuata nini, naondoka lini. Nikamuuliza kama chui naye kaandikishwa. Akanitazama kwa huruma. "Dada, nyie wa shamba mna mambo. Eneo langu halina kitu kama hicho."

Hapo hapo chui akapita uani nyuma yake, taratibu, bata wa wifi mdomoni, wala hakupiga hodi. Balozi kugeuka, huyo! Kajifungia chumbani kwangu, na kutoka kakataa. Kwake ni nyumba ya tatu tu kutoka hapa.

Asubuhi hii, baada ya balozi kunywa chai yetu vikombe vitatu, wifi kalichukua lile daftari, kakaa mbele yake. "Jina? Umetoka wapi? Unaondoka lini?"

Balozi kainamisha kichwa. "Andika, mpaka chui aondoke."

Mkumbatie mama, mwambie nakula vizuri. Na simba wasalimie. Wao angalau hakuna anayebisha kuwa wapo.

Dadako akupendaye,
Zuhura