Kituo cha Kura Kwanza

Shangazi Nyangi,

Shikamoo. Nimeiweka mwanzo kabisa usije ukasema ndoa imenipanda kichwani. Maana nimeolewa, Shangazi! Hii ni wiki ya tatu. Naandika nikiwa kwa kaka Mwita hapa Tarime mjini, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi, na mume wangu yuko uani anamrekebishia kaka mlango wa jiko uliokuwa ukikwaruza sakafu. Mume wangu. Bado nalitamka polepole, kama mtu anayemung'unya pipi asitake iishe.

Nimechoka, Shangazi. Nakuambia ukweli kwa sababu hukumpenda mtu anayesema "mimi mzima" huku magoti yanatetemeka. Kuna uchovu wa harusi, huo nilishauzoea: wakwe, nyimbo, kuinama kusalimia mpaka kiuno kinakataa kunyooka. Uchovu wa leo ni mwingine. Leo nimezunguka mji mzima nikikutafuta.

Acha kwanza nikwambie habari za huyu mtu, maana ulifariki hujamwona. Anaitwa Wambura, ni fundi seremala, kwao Morotonga, pale karibu na Mugumu. Nilimpata Mugumu, kwenye duka la kutoa fotokopi nilikoajiriwa baada ya kidato cha nne. Alikuja na mchoro wa kiti akataka nakala moja. Kesho yake akarudi na mchoro uleule, na keshokutwa tena. Siku ya nne nikamwambia, "Kaka, hiki kiti chako kina nakala nyingi kuliko mtihani." Akacheka mpaka macho yakafumba. Hapo ndipo nilipokwisha, Shangazi, sikukuficha kitu hata ulipokuwa hai na sitakuficha sasa. Akiingia ndani ananukia mbao ya mninga. Kitanda chetu amekitengeneza mwenyewe, na kwa upande wa ndani, mahali ambapo mgeni hawezi kuona, amechonga jina langu: Rhobi. Ningekuwa na wewe ningekuja mbio kukuonyesha. Sina wa kumkimbilia, kwa hiyo naandika.

Sasa lililonichosha. Wambura aliponiomba tuoane nilimpa sharti moja tu: tuishi Tarime. Mwanamume wa watu akakubali. Karakana yake ya Morotonga akamwambia fundi mwenzake, Mahemba, aichukue mwisho wa mwezi huu. Alikubali kwa sababu nilikuwa nimemwimbia huu mji usiku na mchana. Nilimwambia ukishuka stendi tu unasikia harufu ya samaki wa Shangazi. Nilimwambia habari za Mzee Salimu na wali wake, na za studio ya picha yenye maporomoko ya maji. Nilimwambia kama mtu anayeeleza chumba alichotoka dakika tano zilizopita. Kumbe tangu tulipokuzika sijakanyaga mjini. Nilisikia kwamba banda lako la chakula lilivunjwa barabara ilipopanuliwa, lakini nilisikia kwa sikio moja tu.

Leo asubuhi tulitoka, yeye na shati jeupe, mimi na kitenge kipya na vile viatu vya send-off. Tungeona mji, tungekula, halafu mchana dalali angetuonyesha chumba cha kupanga.

Nikaanza na kwa Mzee Salimu. Unakumbuka Ijumaa ulivyokuwa ukifunga banda lako mapema, unanishika mkono tunakwenda kula pilau kwa mshindani wako? Na yeye mtu wa Tanga, hachoki kucheka Kiswahili chetu sisi Wakurya. Ukimwambia, "Mzee Sarimu, naomba wari," anakujibu, "Wari sina, nina wali. Ukitengeneza ulimi nakupakulia." Na wewe siku moja ukamjibu kwa sauti mpaka wateja wakaweka vijiko chini: "Sarimu, tumbo harina rafudhi! Pakua!" Alicheka, akakupakulia nyama mbili zaidi. Nilimweleza Wambura yote hayo njiani, tukafika, nikanyoosha mkono kuonyesha. Mkono ukabaki hewani. Pana ghorofa lenye vioo vya bluu. Nikamuuliza mlinzi, akasema yeye amekuta ghorofa. Nikamuuliza mama mmoja anayeuza ndizi, akasema Mzee alirudi kwao pwani, watoto walimfuata. Hakujua zaidi.

Tukaenda studio. Lile pazia lililochorwa maporomoko ya maji na ndege ikipita juu yake, ambapo ulikataa kuvua aproni ukasema, "Nipige hivihivi, wajue ninafanya kazi gani." Ile picha ninayo, umefumba macho. Studio sasa ni duka la vioo na makava ya simu. Wambura aliingia ndani kabisa akachungulia ukuta wa nyuma, labda maji yamebaki kidogo. Nampendea hayo. Alitoka akasema, "Wamepaka rangi ya maziwa, mke wangu," kwa huruma kama anayetoa taarifa ya msiba.

Na banda lako... Shangazi, sikulipata. Sisemi sikulikuta, hilo nilishaambiwa. Nasema sikupata hata mahali lilipokuwa. Miaka minne nimeosha sahani pale, kila siku baada ya shule, najua jiwe gani lilikuwa linateleza, na leo nimesimama barabarani nageuka kama kuku aliyefungwa mguu. Barabara imekula upande mmoja, mtaro umekula mwingine, hata mteremko wamesawazisha. Wambura alikuwa akiniuliza, "Ni hapa?" nasema ndiyo. Hatua kumi mbele namwambia hapana, ni hapa. Mara ya tatu hakuuliza tena. Akanishika bega. Viatu vilikuwa vimenichuna visigino vyote viwili, na nilikuwa sijala tangu jana usiku kwa sababu nilitaka tumbo liwe wazi kwa ajili ya vyakula ambavyo havipo.

Tukapanda bajaji. Dereva ni mtu wa umri wa Wambura, amekulia Sirari mpakani na Kenya, Kiswahili chake kimevuka na kurudi. Nikamwambia, "Tupeleke pale zamani palipokuwa na hoteli ya Nyangi." Akageuka. "Nyangi gani tena, madam? Huku kila nyumba iko na Nyangi wake." Kabla sijajibu, dalali akapiga simu. Wambura akaweka sauti ya juu. Dalali anasema chumba kiko tayari, kina tailisi sakafu nzima, "mshuke Kura Kwanza, nawasubiri hapo."

Dereva akasema, "Sasa hiyo ndiyo naijua," akawasha.

Nikasogea mbele. Nilidhani nimesikia vibaya.

Kura kwanza! Shangazi, hayo ni maneno yako. Mtu akija na malalamiko ya shamba, kura kwanza. Wanandoa wakija wamenuniana, kura kwanza. Siku niliyorudi na matokeo ya kidato cha pili nikilia, hukuyasoma, ulisukuma sahani ya ugali na sato ukasema, "Kura kwanza, Rhobi, kuferi kutakusubiri." Wateja walikutania kila mara. Yule mwalimu mstaafu alikuwa akisimama mlangoni na kadi ya mpiga kura mkononi anauliza, "Mama Nyangi, nimekuja kura, karatasi ziko wapi?" Na wewe: "Karatasi ni zako, huku tuna samaki." Fundi alipokuja kukuandikia kibao ulimwambia aandike unavyosema, na yeye Mkurya kama wewe, akaandika alivyosikia. KURA KWANZA, kwa rangi nyekundu. Nilipokuonyesha kosa ulisema, "Kwani wanaoingia wanakuja kupiga nini?"

Nikamuuliza dereva, kwa nini panaitwa hivyo?

"Ah, hiyo ni historia," akasema, na akapunguza mwendo ili aieleze vizuri. "Zamani hapo ndipo watu wa Tarime walipiga kura mara ya kwanza. Kabla ya kwingine kote. Ndiyo maana, Kura Kwanza."

Wambura alinitazama. Nilikuwa nacheka, halafu nikaona mikono yangu imelowa, kumbe nalia pia. Nikamwambia dereva: hapakupigwa kura yoyote pale. Palikuwa na mama anauza ugali na samaki, na alikuwa akimwambia kila mtu "kula kwanza", ndivyo tunavyotamka. Yule bwana alisimamisha bajaji katikati ya barabara, watu nyuma wakapiga honi. "Ngoja. Unamaanisha ni mama tu alitaka watu wakule? Na mimi mwaka mzima nimewaelimisha abiria!" Akajipiga paji la uso. "Kuna mzungu nilimwambia. Aliandika!"

Tukashuka. Pana nguzo ya chuma, kibanda cha kutuma pesa kwa simu, na bajaji sita zimepanga foleni. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alishuka kwenye pikipiki akisema kwenye simu, "Niko Kura Kwanza, njoo." Alilisema kama anavyosema Jumatatu. Nilisimama nikingoja nisikie kitu, moto wa mkaa, mafuta, sauti yako. Nilisikia petroli. Jina wamelihifadhi vizuri, Shangazi, kila mtu analitumia, na hakuna hata mmoja anayekula.

Hapo miguu iligoma kabisa. Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro na kitenge changu kipya. Nilikuwa nimepanga kuja kukaa huku ili nikulinde, nadhani. Niwe mtu anayejua ulikuwa wapi. Na leo nimeona mimi mwenyewe sijui ulikuwa wapi, na mji unaendelea, na mimi nimechoka, na nina ndoa ya wiki tatu ambayo nimeiburuta juani tangu asubuhi ili ione kuta za watu.

Wambura akachuchumaa mbele yangu. Akanivua kiatu kimoja, akapuliza kisigino. Kisha akasema, na unajua wao nao kule l huwaponyoka, "Rhobi. Kura kwanza."

Hakusema kwa utani. Alikuwa ameniona nina njaa.

Tulikula chipsi mayai kwenye banda la mabati lisilo na jina, meza ina kitambaa cha plastiki kinachonata. Yalikuwa na chumvi nyingi. Nilimtazama anavyokula, mikono yake mikubwa yenye makovu ya patasi, anaokota chipsi mojamoja kwa kijiti cha meno ili nyingi zibaki kwangu, akidhani sioni. Nikamuuliza, "Unataka kuhamia huku?"

"Nilikuahidi."

"Sikukuuliza uliahidi nini."

Akaweka kijiti chini. Halafu akasema mninga anaupata Mugumu kwa watu anaowajua, na mama yake anashuka jioni kukaa pale karakana kwenye mabaki ya mbao, wanaongea mpaka giza. Huku ataanza kwa kumshikia mtu mwingine msumeno. "Lakini nitaanza," akasema. "Ulivyokuwa ukinieleza huu mji, nilitaka na mimi niwe na mahali nimepapenda hivyo." Eh, Shangazi! Ungemsikia! Nikamsogezea chipsi zote zilizobaki. Nina mtu ambaye yuko tayari kuacha mahali anapopapenda ili akakae mahali nilipopapenda mimi, na mahali penyewe hapapo.

Nikamwambia, turudi Morotonga.

Aliniuliza mara mbili. Mara ya tatu nikachukua simu yake mwenyewe nikampigia Mahemba, nikampa aongee. "Mahemba, ile karakana usihamie." Tukasikia Mahemba anapiga kelele kule: "Wiki tatu tu za ndoa, na mjini wameshakufukuza? Nilikwambia, wewe na ghorofa wapi na wapi! Na nilishaanza kufagia!" Dalali naye alitukuta pale, akatuambia tumempotezea siku na chumba kina tailisi. Aliyasema hayo ya tailisi mara nne. Tukamwomba radhi, tukarudi kwa kaka.

Kuna jambo sijakukiri. Miaka yote hii nimekuwa nikija kijijini Genkuru kuwasalimia baba na mama, nalala siku mbili, narudi Mugumu. Kaburini kwako sifiki. Mama akinisukuma nasema mgongo unauma, au mvua. Nilikuwa najiambia hupo pale. Shangazi yuko mjini, anapakua, ana wateja wengi, nisimsumbue. Hata udongo siku ile niliutupa nimegeukia pembeni.

Leo nimekutafuta mjini mpaka ngozi imetoka, na hupo. Basi.

Kesho asubuhi tunapanda gari la Mugumu. Tutashuka Genkuru kuwaamkia wazazi, na kabla sijavua kitenge cha safari nitakuja nyuma ya nyumba pale tulipokulaza, na Wambura mkononi. Atakusalimia shikamoo, ni mtu mwenye adabu. Huenda akaona haya, umsaidie. Sina cha kumwonyesha zaidi ya nyasi na jina kwenye saruji, lakini ndipo ulipo, na nimechoka kumpeleka mahali ambapo hupo. Nikishakuwa Morotonga, Genkuru si mbali. Ni karibu kuliko mji huu. Nakuahidi nitakuwa nakuja. Nitang'oa magugu kwa mkono wangu, nitakaa chini, nitakuambia habari za nyumba yangu hata zikiwa za kipuuzi, hata zile za kitanda.

Maji ya beseni yamepoa. Wambura ananiita nikaone mlango, anasema sasa unafungwa kwa kidole kimoja.

Lala, Shangazi yangu. Nakuja kesho.

Wako,
Rhobi