Vitanda Kumi na Moja

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na ile dawa ya kuchua unaipaka kweli, hujampa jirani. Mimi na mjukuu wako hatujambo, ila yeye jino la mbele limeng'oka na sasa hakuna anayeelewa anachosema. Kila asubuhi anauliza zimebaki siku ngapi twende kwenye bembea. Namjibu chache. Ukweli ni kwamba hata mimi sijui kama tunakwenda.

Najua utashangaa, barua ya nini na simu zipo. Mama, simu yako wewe unaongelea kwa spika. Nikikohoa huku, Baba anasema pole kule, na Shangazi anauliza nimekunywa nini cha baridi. Ndiyo maana nimeandika, nikampa dereva wetu akuletee mkononi. Isome mwenyewe, chumbani, na usimpe mtu akusomee hata kama miwani huioni.

Unakumbuka siku ile tulipokaa sebuleni kwenu. Ulikuwa umestaafu kule kwenye dobi ya hospitali, miaka thelathini na moja ya kukunja mashuka ya wagonjwa, na wajukuu wakakuuliza unataka zawadi gani. Ukasema unataka kwenda bustani ya michezo, upande lile gurudumu kubwa la bembea, kisha ulale hotelini siku tatu kwenye mashuka yaliyofuliwa na mtu mwingine. Na ukasema unatutaka wote kumi na moja, asikosekane hata mmoja. Tulicheka, lakini nilikuona macho. Hukuwa unatania. Baba akanigeukia mimi, akasema vyumba atachagua huyu, kwani kazi yake ni kupanga mizigo kwenye malori, na anayeweza kuingiza majokofu sitini kwenye lori moja hawezi kushindwa na watu kumi na moja. Kaka akapiga makofi. Nikavimba kichwa, nikakubali.

Mama, jokofu halikoromi. Jokofu halikupigii simu saa za kazi kukwambia halitaki kukaa karibu na jokofu lingine.

Penye wengi pana mengi, lakini haya yamezidi. Kaka ndiye aliyeanza. Alisema yeye na watoto wake watatu lazima wapate chumba cha pili kutoka chenu, ili watoto wakiamka waje kwa bibi. Nikaandika. Hata wino haujakauka, shemeji naye akapiga kivyake, akaniomba kwa heshima zote chumba chao kiwe mbali na chenu kadiri itakavyowezekana. Anakupenda, Mama, ameapa. Ila anasema wewe unaamka saa kumi na moja alfajiri kufagia, na ana hakika hata hotelini utatafuta ufagio. Usimwambie nimekwambia. Shangazi naye akasema hakoromi, hajawahi kukoroma tangu azaliwe, hao wadogo zake Baba wanamsingizia tu, halafu papo hapo akaomba chumba cha peke yake asije akamsumbua mtu. Sijui nishike lipi niache lipi.

Halafu Baba. Alinipigia akinong'ona, na nyuma yake nilisikia maji ya bomba, nadhani alijifungia bafuni. Alitaka chumba cha chini kabisa, kwa ajili ya goti lako. Nikasema sawa. Kesho yake ukapiga wewe, ukasema goti si kitu, hoteli ina lifti, na unataka ghorofa ya juu kabisa uone taa za bembea. Nikamrudia Baba, nikamwambia Mama anasema goti zima. Hapo akakiri kwamba anaogopa lifti. Miaka yote hii anapanda ngazi pale ofisi ya pensheni akijisifu anafanya mazoezi, kumbe! Aliniapisha nisikwambie. Basi nimeshakwambia, na hilo ndilo dogo katika niliyo nayo.

Siku yangu ya mapumziko nikaona niende hotelini mwenyewe, nikabeba na tepu ya kupimia ya ghalani. Ni hoteli ya ghorofa nne, zulia limechakaa pale mbele ya lifti, na kila chumba kimechorwa mnyama ukutani. Dada wa mapokezi alinitembeza kwa subira kubwa. Nilipima milango, nikajilaza kitanda kimoja kimoja. Kile cha watoto cha juu kililia, nikashuka haraka. Chumba cha familia ni cha watu wanne, lakini mtoto aliye chini ya miaka sita hahesabiwi akilala na wazazi wake. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, kwa sababu kitindamimba wa Kaka anatimiza sita siku ya pili ya safari. Nikauliza kama siku ya kwanza hahesabiwi na ya pili anahesabiwa. Dada akaniangalia, akasema hajawahi kuulizwa swali hilo tangu aajiriwe.

Kuna pia vyumba viwili vyenye mlango wa katikati. Mlango huo una komeo pande zote mbili, haufunguki mpaka wa huku na wa kule wafungue wote. Nililichezea lile komeo muda mrefu, mpaka dada akaniuliza kama limeharibika. Nikasema hapana.

Nikarudi nyumbani, nikaanza kuchora nyuma ya hati za mizigo. Nimechora mara tisa, Mama. Nikiwaweka juu, Baba lifti hapandi, na ngazi za mpaka ghorofa ya nne haziwezi. Nikiwaweka chini, wewe huoni taa. Kaka akiwa karibu shemeji ananuna, akiwa mbali ananuna Kaka. Mwishowe nikatuma orodha hivyo hivyo, nikamwachia Mungu. Kesho yake dada wa mapokezi akapiga simu ghalani. Akasema, kaka, umeandika watu kumi na moja, lakini majina ninayoyaona ni kumi. Nikahesabu, kumi. Nikahesabu tena kwa vidole, huku lori limesimama mlangoni na dereva ananipigia honi. Aliyekosekana ni mimi.

Nikajitetea. Nikamweleza kwamba kwetu, tangu tukiwa wadogo, wageni wakija Baba huteua mtoto mmoja agawe magodoro, na mgawaji huchukua linalobaki ili asijipendelee. Akasema huo ni utaratibu mzuri, sasa je, limebaki lipi? Akataka aniandike kwenye chumba cha mke wangu, maana kitanda ni kikubwa na humo nimemweka yeye na mtoto tu. Nikamwambia samahani dada, mtandao mbaya, sikusikii. Mama, ilikuwa simu ya mezani. Alipopiga tena alinipa mpaka Jumamosi saa sita mchana. Baada ya hapo vyumba wanapewa wengine, kwani ni msimu wa likizo na watu wanasubiri.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama, mkwe wako haishi na mimi. Huu ni mwezi wa nne. Amepanga karibu na kazini kwake, na mtoto anakaa wiki kwake, wiki kwangu. Hakuna aliyempiga mwenzake, hakuna mwanamke mwingine wala mwanamume mwingine. Ingekuwa hivyo, angalau ningejua pa kuanzia kukueleza. Alisema naishi pale nyumbani kama mgeni wa hoteli, nakuja, nakula, nalala, asubuhi naacha shuka limekunjamana naondoka, na kwamba hata jina la mwalimu wa mtoto wangu silijui. Nilibisha siku mbili nzima. Siku ya tatu nikajaribu kulikumbuka hilo jina, nikashindwa.

Ndiyo maana haji kwenu. Habari za zamu zake kubadilika nilizitunga mimi. Na ndiyo maana hapokei simu zako. Aliniambia hawezi kukudanganya kwa mdomo wake, na kwamba habari hii ni yangu kuileta, kwa hiyo hatapokea mpaka niwe nimekwambia. Nimeona haya, Mama. Niliogopa ukijua utasema safari ivunjwe, na hayo mashuka ya kufuliwa na wengine usiyalalie tena maishani. Na ninamkumbuka, nisikufiche. Sijui kama atarudi. Naye anasema hajui.

Jana nilimpigia. Nikamwambia simwiti aje kuigiza, nataka tu kujua kama atakuja. Akajibu kwamba kwa Mama atakuja hata kwa miguu, lakini hatalala kitanda kimoja na mimi ili watu waridhike. Nikamwambia ana haki. Kisha nikamweleza kwamba fomu ya hoteli ina sehemu ya uhusiano. Nimeshaandika baba, mama, kaka, shangazi, lakini nikifika kwake kalamu inagoma, sijui kama bado nina ruhusa ya kuandika mke. Akasema, andika mkwe wa Mama.

Nilipoandika hivyo mambo yakakaa yenyewe. Wewe utalala ghorofa ya nne, chumba cha vitanda vitatu, dirisha linatazama bembea, pamoja na mkwe wako na mjukuu wako. Baba atalala chini na mimi, karibu na mlango wa kutokea, asione lifti hata kwa mbali. Shangazi peke yake. Kaka na watu wake chumba cha familia, ghorofa ya pili, na kitindamimba atabaki na miaka mitano mpaka turudi. Ni kumi na moja. Lakini sijatuma. Siwezi kukutenganisha na Baba bila ruhusa yako, wala siwezi kukupeleka safari ambayo si ile uliyoiomba. Uliomba tuwe wote. Wote tutakuwepo, ila si kama ulivyokuwa unatufikiria. Nijibu kabla ya Jumamosi, Mama. Ukikataa nitaelewa, na ukitaka kuja kunigombeza uje, nimestahili.

Ukikubali, nakuomba jambo moja tu. Mkiwa kule juu usimuulize habari zangu. Anafanya kazi sana siku hizi, mwache alale.

Mpe Baba shikamoo yangu. Yeye nitamweleza mwenyewe, na lifti yake usiitaje. Shangazi mpe pole kwa kusingiziwa, na watoto wa Kaka uwabusu. Mkwe wako anakusalimu. Zile salamu zake nilizokupa kwenye simu miezi yote hii nilizibuni, na zako ulizompelekea sikuzifikisha hata moja, mpaka jana nilipompa zote kwa pamoja. Alilia. Hii ya leo ni yake, kaitamka mwenyewe.

Mimi mwanao wa pili.