M ya Mchuzi

Wembley, London
Jumanne jioni

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo dada. Hapo Muheza mko salama? Goti lako limepoa, au bado linatangaza mvua kabla ya redio? Na shemeji, bado anakoroma mpaka kuku wanahama? Mimi mzima. Baridi inanitafuta, na mimi nimejificha ndani ya makoti mawili.

Naandika karatasi kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema "dada" tu, wewe ushasema maneno mia. Karatasi haikatizwi. Nimempa binamu yetu Hamza akuletee, anakuja likizo, na nimeibandika gundi mara tatu maana namjua.

Alichokwambia kwenye simu nakijua. Kwamba Issa kafukuzwa kufundisha, hana cheti, anagongagonga madebe Ulaya. Kwamba yeye kanitafutia nafasi ghalani, kupanga maboksi siku sita kwa wiki, ila dramu niache kabisa maana zamu zinaangukia wikendi. Anataka jibu kabla hajarudi huku. Na wewe ukanirushia ile sauti: "Issa, una miaka arobaini, deiwaka si kazi!" Dada, niliifungua ndani ya basi, simu iko wazi, basi zima likasikia nagombezwa. Bahati yangu Waingereza wanajifanya hawasikii.

Haya, zamu yangu.

Deiwaka ni kazi. Dereva wa watu akiumwa, nani anashika usukani siku hiyo kama si deiwaka? Hapa mpiga dramu akiumwa, akigombana na mkewe, akikosa treni, wananipigia mimi. "Issa, nyimbo zetu unazijua?" Nasema nazijua. Halafu ndani ya treni ndiyo nazisikia mara ya kwanza. Ijumaa nimepiga na Wakongo harusini, wao wimbo mmoja unaanza watu wanakula, unaisha wameshanawa mikono. Jumamosi harusi ya Wapunjabi kule Southall, bwana harusi kaja juu ya farasi, na kila nikigonga toazi farasi ananiangalia vibaya. Jumapili kanisani Barking. Ndiyo, kanisani, usimwambie bi mkubwa. Mchungaji ananiambia, "Jina lako lenyewe Issa, wewe wa kwetu tu." Jana studio, nyimbo tatu za Mzungu mmoja anayelilia mapenzi, nimemaliza chai yake haijapoa. Na asubuhi zote naosha vyombo mgahawani, kwa hiyo usiseme sili.

Sasa hiyo ya kufukuzwa. Nilikuwa nafundisha watu wazima dramu kwenye senta moja hapa, Jumanne mchana. Noti sisomi, unajua mwenyewe darasa la saba nilitoka na alama gani: za fimbo, matakoni. Kwa hiyo nafundisha kwa chakula. Kugonga mara mbili ni "cha-i". Mara nne, "ka-chu-mba-ri". Mara tatu, "m-chu-zi". Mdomo ukisema, mkono unafuata wenyewe.

Wanafunzi wangu wakubwa ni Mama Surinder, bibi wa Kipunjabi aliyezaliwa Kisumu, na Colin, dereva wa basi mstaafu. Colin ana tabu moja, m anaimeza. Anasema "chuzi," anagonga mara mbili, halafu anashangaa ya tatu imekwenda wapi. Kila wiki namwambia, "Colin, m ina kiti chake, usiikalie!"

Basi meneja mpya akaleta mkaguzi. Suti, tai, begi la karatasi. Akatutazama weee, akasema, "Hebu andika ubaoni wanachopiga." Nikachukua kalamu, nikaandika kwa herufi kubwa: MCHUZI.

Akausogelea ubao.

"Hizo noti ngapi?" akauliza.

"Jaribu wewe, bosi."

Akashika vijiti, akasoma, "Chuzi." Akagonga mbili.

Mama Surinder akaruka na Kiswahili chake cha Kisumu: "Wewe bwana! M iko wapi? Umekula? Rudisha!"

Colin akacheka, yeye mwenyewe mla m mkubwa. Na mimi nikacheka, na hapo ndipo nilipoharibu. Wiki ileile barua ikaja: hana cheti, hasomi noti, chumba hapewi tena.

Sikudanganyi, iliniuma. Nilikaa kitandani na vijiti napiga godoro, jirani wa chini akagonga dari na ufagio, naye mapigo yenyewe hayajui. Nikaliwaza ghala la Hamza. Nililiwaza kabisa.

Jumanne iliyofuata simu ikalia. "Fundi, uko wapi? Mimi nasimama hapa mlango ya senta na Colin, baridi inaua sisi."

"Mama, si nimefukuzwa."

"Wamefukuza wewe, hawajafukuza sisi. Sema tunakuja wapi."

Nikampigia Mchungaji, akatupa ukumbi wa nyuma ya kanisa. Sasa bibi wa miaka sabini na kitu anatoka Southall mpaka Barking, anabadilisha treni, vijiti kavichomeka kwenye mfuko wa kachori. Darasa limefika watu saba. Na leo, dada, leo mchana, Colin kaisema m. M-chu-zi. Tatu kamili! Akarudia, akarudia, mpaka miwani ikamdondoka. Ghalani boksi gani litanifurahia vile? Noti nitajifunza nikitaka mwenyewe, si kwa kutishwa.

Halafu wewe ndiye wa kuniambia niache? Wanamuziki wa huku wanausifu mguu wangu kwenye ile dramu kubwa, wananiuliza nimesomea wapi. Nimesomea sakafuni kwako, natazama mguu wako unavyokanyaga cherehani. Unakumbuka baba mdogo alivyokuja na mnunuzi? Eti mwanamke kushona suruali za wanaume ni aibu, sijui nini, uza hiyo mashine usubiri mume. Ulikuwa na pini mdomoni. Hukuzitoa. Ulisema "M-m," ukatikisa kichwa, ukaendelea kukanyaga, mshono haukupinda hata kidogo. Mnunuzi akaenda zake, na baba mdogo mpaka leo anavaa suruali zako.

Bi mkubwa mpe shikamoo yangu, mwambie koti nafunga mpaka kidevuni. Shemeji msalimie akiamka. Na Mzee Kombo, yule wa bendi aliyenipa vijiti vya kwanza, mwambie kimoja bado ninacho, kingine kilivunjika kwa kazi halali.

Hamza najua kakaa hapo anakunywa chai yako, anasubiri kusikia nimesema nini. Tia pini mdomoni kwanza, dada. Halafu umjibu kwa niaba yangu:

M-m.

Mdogo wako,
Issa, deiwaka wa dramu