Vigae Viwili vya Mtoni

Kinyangiri, Mkalama
14 Septemba 2024

Kaka Naftali,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ikungi, wewe, wifi Lea na ng'ombe. Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mama magoti yanamsumbua, lakini juzi alipepeta mtama peke yake akatufukuza tuliotaka kumsaidia. Simu zangu hupokei, wala sikulaumu. Nimempa jirani yetu Gaspari barua hii kwa kuwa anakuja huko mnadani.

Kijito chetu kinapata nafuu. Ule utelezi wa kijani umepungua, na ndama wameanza kunywa bila kusukumwa.

Yule binti mtafiti, Rebeka, alirudi mwezi wa tano. Unakumbuka mwaka jana alitumbukiza vigae viwili, kimoja pale ulipokuwa unanyweshea, kingine chini ya bustani yangu ya vitunguu, akaviacha mwezi mzima. Safari hii alifanya vilevile, kisha akakwangua kwa mswaki utelezi ulioshika vigae na kuniita nichungulie kwenye hadubini. Kaka, kumbe mle mna viumbe hai, wengine wembamba kama sindano! Akanieleza kuwa wapo wanaopenda maji safi, na wapo wanaoshamiri penye mbolea, iwe ya shambani au kinyesi cha ng'ombe. Maji hupita, lakini wao hubaki wameng'ang'ania kigae, wakisema yaliyopita.

Kigae cha kwako kilikuwa na wa maji safi. Cha kwangu kilijaa wapenda mbolea. Rebeka akachanganyikiwa, maana mwaka jana ilikuwa kinyume, na kwa matokeo yale mkutano wa kijiji ulikufungia njia ya kunyweshea. Akasema huenda alikosea kuandika, akataka kufuta kazi yake ya mwaka mzima.

Hakukosea. Mimi ndiye niliyevibadilisha vigae.

Niliogopa kuzuiwa kulima. Asubuhi ya siku ya kuvitoa niliwahi mtoni, nikaweka changu kwako na chako kwangu. Nilidhani watakuonya tu. Ulipowaswaga ng'ombe kuondoka, nilikuwa bustanini nimeinama, najifanya napalilia.

Nilimwambia Rebeka palepale, kisha mama, kisha mkutano mzima. Kijiji kikaamua nirudi nyuma hatua ishirini kutoka mtoni, niache nyasi ziote katikati. Mbolea sasa naifukia kidogo kidogo shinani, simwagi tena. Vitunguu vimetoka vidogo, ila vigae vya mwezi uliopita vimeonyesha wale wa maji safi wanarudi.

Njia yako imefunguliwa. Mwenyekiti, mzee Antipasi, amesema kijiji kitakuja kukuomba radhi. Mimi sitaki kujificha nyuma yao. Nisamehe, kaka. Siku utakayorudi nitawapokea ng'ombe pale mtoni, hata kama hutanisalimia.

Msalimie sana wifi. Mama amekataa nimwandikie salamu. Anasema zake atakupa mwenyewe, mkono kwa mkono.

Mdogo wako,
Dorika